Hatua Kumi na Tisa Kutoka Jikoni

Novemba 9

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya korongo. Cletus, mwenyekiti wetu wa kijiji, ameniambia nikitaka halmashauri isikilize malalamiko yangu nilete kumbukumbu zenye tarehe. Nilimfundisha Cletus darasa la nne na sikumbuki hata siku moja aliyoleta daftari lenye tarehe. Lakini sawa, kiti ni chake.

Basi naanza. Mimi ni Capitoline, mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mkazi wa Kabungu tangu kuzaliwa. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, na matofali hayo tuliyafyatua wenyewe, mimi na marehemu mume wangu Sylvanus, miaka kumi na tano iliyopita. Kwanza tuliezeka nyasi. Mabati tulipandisha mwaka aliofariki, miaka saba sasa. Nyuma ya jiko nina migomba ambayo kila mpita njia huisifia, kisha mteremko unashuka hadi mtoni. Kwenye mteremko huo ndipo lilipo korongo. Lilianza kama mfereji ambao kuku aliweza kuuruka. Leo trekta likitumbukia halionekani. Kutoka ukuta wa jiko hadi ukingoni ni hatua kumi na tisa, nimehesabu mara mbili.

Anayelichimba ni jirani yangu Mwandu. Familia yake ilitoka Usukumani na mifugo, ikaweka boma juu ya mteremko, upande wa kushoto wa shamba langu. Kila siku ng'ombe wake wapatao tisini hushuka kunywa maji, na njia yao inapita kando kabisa ya korongo. Kwato zinasaga udongo, mvua inaubeba. Nimelifundisha jambo hili miaka ishirini na sita. Limo kitabuni na picha yake ipo.

Ninachoomba ni kimoja: njia ifungwe na boma lihamishwe.

Novemba 12

Jua. Hatua kumi na tisa.

Novemba 15

Suzana, mke wa Mwandu, ameniletea kibuyu cha maziwa mgando kama afanyavyo kila Ijumaa. Nimemwambia nimeshiba. Alisimama kidogo, akakiweka tena kichwani, akaondoka. Maziwa ya ng'ombe wale wale wanaonilia nyumba ningeyanywaje?

Novemba 23

Mvua kubwa, ya upepo. Kipande cha ukingo kimeanguka nikiwa nasahihisha madaftari, nikasikia kishindo. Hatua kumi na saba.

Jioni nimempigia Deo, mwanangu, aliyepanga Nsemulwa pale mjini Mpanda. Akasema nihamie kwake, nyumba ni nyumba tu. Nikamuuliza kama anakumbuka nani alikuwa anabeba maji ya kukandia hayo matofali. Alikuwa na miaka tisa wakati ule, akalalamikia shingo mwezi mzima. Alicheka.

Novemba 26

Nimeita vijana watano, tumejaza mchanga viroba arobaini vilivyokuwa vya saruji na kuvipanga kichwani mwa korongo, pale linapoanzia. Juu yake tumeweka mawe. Kazi safi. Nimepiga picha ya kuwaonyesha wanafunzi namna ya kuzuia mmomonyoko. Mwandu alipita na fimbo yake mabegani, akatazama, akasema, "Mwalimu, maji hayapiti hapo." Nikamwambia asante, najua yanapopita.

Desemba 2

Viroba vyote viko chini. Sielewi. Mvua ya jana haikuwa kubwa, na juu ya viroba hakukuwa na dalili ya maji kupita, hata vumbi la saruji la mifuko lilikuwa bado lipo. Ni kama ardhi ilijiondokea chini yake na kuviacha hewani, vikadondoka kwa uzito wao. Mawe yangu yamelala shimoni kama meno ya mzee. Hatua kumi na tano.

Nimeandika hapa kwamba ni ng'ombe, kwa sababu sina jibu lingine.

Desemba 10

Halmashauri imekaa. Nimesoma kumbukumbu zangu kwa sauti ya darasani, na wajumbe, ambao nusu yao nimewafundisha, wamekaa kimya kama darasani. Baada ya hapo Cletus akampa Mwandu nafasi.

Mwandu si msemaji. Alisema yeye hana ubishi na mwalimu. Aliomba jambo moja tu, kwamba wajumbe wote watoke, waende kwenye korongo, na waingie ndani, wasisimame ukingoni. Cletus akatazama viatu vyake, akatazama mawingu, akasema halmashauri imeridhika na maelezo. Uamuzi ni kwamba Mwandu ahamishe boma na mifugo ifikapo mwisho wa Februari, na mkutano mkuu wa kijiji wa tarehe kumi na tano mwezi huo utathibitisha.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilirudi nyumbani nikiimba pambio la kanisani.

Desemba 13

Ijumaa. Suzana hakupita. Nilitegemea nini?

Desemba 27, Mamba

Nimekuja kula Krismasi kwa mdogo wangu Lucia, kijijini kwake Mamba. Mpunga wao umekaa vizuri, na mtu akisimama shambani anaona upande wa pili ukuta wa milima ya Ufipa umesimama wima, bluu asubuhi, kahawia mchana. Nimeishi na ukuta huu kwenye ubao tangu nianze kazi, nauchora kwa chaki, naandika "bonde la ufa", nafuta.

Leo nimetembea na Lucia hadi kwenye kijito kinachotoka milimani. Kingo zake zimechongwa na mvua na matabaka yanaonekana kama kurasa. Nikaanza kufundisha, siwezi kujizuia. Nikamwonyesha kwamba sehemu yenye mwamba mgumu juu husimama kama pua, na sehemu ambayo mwamba umepasuka maji huingia, yakakuta laini, yakala kwa chini. Ndiyo maana sehemu moja ni mlima na nyingine ni bonde, ingawa mvua iliyonyesha ni moja. Ni kama mkate ulioliwa na panya kwa ndani: ganda la juu linabaki zima, unaona ni mkate, ukiweka mkono linabonyea. Ardhi ya huko kwetu nayo ni hivyo hivyo, nikamwambia. Juu udongo, katikati gamba la changarawe nyekundu iliyoshikana, chini yake udongo mweupe wa mfinyanzi unaoyeyuka kwenye maji kama sukari. Gamba likiwa zima, chini pako salama.

"Sasa huko kwako, dada, nani amelitoboa?" akauliza Lucia.

Nikasema ng'ombe.

"Kwato zinatoboa gamba gumu hivyo?"

Nikamwambia mambo ya mmomonyoko ni mapana. Lucia aliinama akachuma mboga kando ya kijito. Lakini tangu pale swali lake linanikera, na kinachonikera zaidi ni kwamba lingekuwa la mwanafunzi ningelisifu.

Januari 5

Nimerudi. Hatua kumi na tatu. Migomba imezaa vizuri ajabu.

Januari 16

Shule imefunguliwa. Darasa la sita nimewauliza visababishi vya mmomonyoko wa udongo, wakajibu kwa pamoja kabla sijamaliza swali: ng'ombe. Mary, binti wa Mwandu, anakaa dawati la pili dirishani. Yeye hakujibu. Aliandika tarehe, akaandika kichwa cha somo, akaendelea kukipigia mstari hadi karatasi ikatoboka.

Januari 19

Kuna jambo sipendi kuliandika ila kumbukumbu ni kumbukumbu. Tangu uamuzi wa Desemba Mwandu amewahamishia ng'ombe njia ya mbali, ng'ambo ya shule. Njia ya zamani imeota nyasi hadi magotini. Wiki tano na zaidi hakuna kwato hata moja iliyokanyaga hapa, na korongo linakimbia kuliko mwanzo. Hatua kumi na mbili.

Januari 28

Mvua. Hatua kumi na moja. Nimehamisha vyombo vya jikoni sebuleni.

Februari 6

Nitaandika yote kwa utaratibu, vinginevyo kesho nitaanza kujidanganya.

Jana saa nane mchana mvua ilishuka kama imefunguliwa koki. Nilikuwa mlangoni. Niliona migomba mitatu ikiinama pamoja, taratibu, kama watu wanaosalimia, na ikaenda. Haikuangukia pembeni, ilizama. Kishindo kikafuata. Mvua ilipokatika nilihesabu kutoka ukuta wa jiko: hatua nane.

Leo asubuhi nimevaa mabuti ya Sylvanus, nikashika jembe, nikashukia korongo kwa chini, upande wa mtoni, nikapanda nalo hadi kichwani. Ni mara yangu ya kwanza kuingia ndani. Miaka yote hii nimelipima kwa juu.

Ukuta mpya umekatika kama keki. Matabaka yote yapo, kama nilivyomwambia Lucia. Udongo mweusi, urefu wa mkono. Halafu gamba jekundu, gumu, nililigonga kwa jembe likalia. Chini yake mfinyanzi mweupe, na ndani ya mfinyanzi huo kuna tundu ninaloweza kuingia nikiwa nimechutama, maji bado yanadondoka humo. Korongo halikuliwa kutoka juu. Limeliwa kutoka ndani, gamba likabaki peke yake, likavunjika. Ni panya na mkate wake.

Nikafuata tundu kwa macho kuona maji yanaingilia wapi. Katikati ya ukuta, pale ilipokuwa migomba, gamba jekundu halipo. Linakuja kutoka kushoto, linakatika ghafla. Linaanza tena kulia. Kati yake kuna umbo la bakuli kubwa, limejaa takataka. Majivu. Mkaa. Ganda la betri. Soli ya kandambili. Matofali yaliyoungua kupita kiasi, yale tuliyotupa. Nikachomoa moja, nikalipangusa kwa kiganja. Lina alama ya kidole gumba pembeni.

Sylvanus aliweka alama hiyo kwenye tofali la kwanza la kila siku, kabla halijakauka. Alisema ni ya kuhesabia siku.

Ni shimo letu la udongo. Nimekaa chini kwenye matope, na yote yakanirudia jinsi yalivyokuwa. Tulianza kuchimba tukakuta kitu kigumu, Sylvanus akaazima mtaimbo, siku mbili tunapigana nacho, viganja vyangu vilichubuka. Tulipokitoboa chini tukakuta udongo mweupe laini, mzuri mno kwa matofali, na mimi, mwalimu, nilipiga vigelegele. Nyumba ilipokwisha shimo likawa la taka. Lilipojaa tukafukia na kupanda migomba. Migomba ilistawi kuliko ya mtu yeyote kijijini, na mimi nikapokea sifa.

Kisha nikainua macho kutoka mle shimoni na kuona ukingo wa paa langu. Mabati thelathini na sita. Maji yote ya upande wa nyuma yanamwagikia pale pale, na yamekuwa yakimwagikia miaka saba. Korongo lina miaka sita.

Nyumba yangu ndiyo inayochimba. Ng'ombe walikuwa wanapita tu.

Februari 8

Sikwenda kanisani kwa zamu yangu ya kusafisha. Tofali la kidole gumba nimekuja nalo, liko chini ya meza ya jikoni, nimelifunika na kitambaa.

Februari 9

Nimemweleza Deo kwenye simu. Alisikiliza hadi mwisho. "Mama, kausha tu, usiseme," akasema. "Wameshaamua. Nani ataingia mle kuangalia?" Nikamwuliza kama hivyo ndivyo nilivyomlea. Akasema hapana, ila ndivyo watu wanavyoishi. Anaogopa nitachekwa, na ni kweli nitachekwa. Kuna watu Kabungu wamesubiri miaka ishirini na sita nikosee hesabu.

Siwezi kusema sikulifikiria. Nimelifikiria siku nzima. Mvua mbili zaidi na ukuta ule utaanguka, majivu yataenda mtoni, na hakutakuwa na ushahidi popote isipokuwa kwenye daftari hili, ambalo linaungua vizuri.

Februari 11

Wanang'oa boma. Nimemwona Suzana akivuta miiba ya uzio kwa mikono, anaifunga mizigo. Malale, mdogo wake Mwandu, ametangulia na ng'ombe arobaini kutafuta pa kukaa upande wa Mpimbwe, kwenye mvua hii.

Saa nne Mary alikuja ofisini na kusimama mbele ya meza yangu. Anaomba barua ya uhamisho. Nikamwuliza wanahamia shule gani. Akasema baba hajajua bado, aandikiwe tu, jina la shule liachwe wazi.

Nilishika kalamu. Niliandika tarehe. Nikamwambia arudi darasani, barua itasubiri mkutano wa Jumamosi.

"Ndiyo mwalimu," akasema, na aliondoka bila kuniangalia.

Februari 15

Mkutano mkuu. Watu walijaa kwa sababu mvua ilikuwa imepumzika. Cletus alifungua, akasema kilichobaki ni kuthibitisha, mwalimu asome kumbukumbu kwa mara ya mwisho.

Nililiweka tofali mezani mbele yake. Nikafungua daftari nikasoma kuanzia Februari 6, yote, pamoja na vigelegele. Nilisoma na ya tarehe tisa, ya kukausha, ila jina la Deo nililiruka. Nyuma mtu alicheka, wengine wakamfuata.

"Kwa hiyo mwalimu," akasema Cletus, "tufute?"

"Futa yote."

"Na kosa tuandike la nani?"

"Andika langu. Marehemu mwacheni alale."

Cletus akaandika. Kwa mara ya kwanza nilimwona akianza na tarehe.

Mwandu alikuwa amekaa pembeni, fimbo katikati ya magoti. Mwenyekiti akamwuliza kama ana neno. Alisimama, akavua kofia.

"Mimi nilijua," akasema. "Mwaka juzi ndama wangu alitumbukia mle, nikaingia kumtoa. Nikakuta maji yanatoka tunduni na majivu, na vipande vya tofali. Kwetu tunachimba malambo ya kunyweshea ng'ombe. Ukilitoboa gamba, maji hayasahau."

Nikamwuliza mbele ya watu wote kwa nini hakuniambia.

Alinitazama bila hasira. "Ungeniamini, mwalimu?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Nimetembea nalo swali hilo hadi nyumbani, na sasa naliandika pamoja na jibu lake. Hapana. Nisingemwamini. Ningemwambia asante, najua.

Februari 22

Mwandu amekuja na maksai wawili na plau, bila kuitwa. Amekata mtaro kukatiza mteremko, kutoka pembe ya nyumba hadi kwenye nyasi za njia ya zamani ya ng'ombe, ambako gamba ni zima na maji yanaweza kukimbia bila kuingia. Mimi nimefunga mfereji wa bati chini ya paa. Alipomaliza nilimpa uji, akanywa amesimama.

Machi 3

Tunajaza korongo kwa mawe kuanzia chini kupanda juu, si kuanzia juu kama nilivyofanya na viroba vyangu. Darasa la sita wamebeba mawe madogo. Niliwapanga mbele ya ukuta, nikawaonyesha bakuli la majivu, nikawaambia nani alilichimba. Mary alichora matabaka yote matatu, akaongeza la nne akaliandikia "shimo la mwalimu". Nimempa vema.

Machi 9

Malale amerudi kutoka Mpimbwe. Aliondoka na ng'ombe arobaini, amerudi na thelathini na sita. Wanne walikwama kwenye matope njiani wakafa, mmoja akiwa na mimba. Nilikwenda kwa Mwandu kusema pole. Neno lilikuwa dogo nikalisema hivyo hivyo. Mwandu alisema wamefika wengi. Suzana alikuwa anatengeneza uzio upya, hakugeuka.

Machi 21

Mvua kubwa kama ile ya Februari. Nilisimama mlangoni hadi ikaisha. Maji yalifuata mtaro. Hatua nane.

Aprili 4

Ijumaa. Mvua ya usiku. Hatua nane.

Aprili 18

Ijumaa Kuu. Mbingu zimekauka, mahindi yanageuka njano, nafikiri msimu umekwisha. Hatua nane, na Mwandu naye alizipima akapata sita, maana ana miguu mirefu. Tumekubaliana tuandike nane.

Ijumaa zote hizi hakuna aliyepita na maziwa. Nilikuwa nikisubiri, kama mtu anayesubiri kusamehewa akiwa amekaa kwenye kiti. Leo baada ya ibada nimechukua kibuyu changu mwenyewe, nikakiosha kwa maji moto, nikapanda mteremko. Suzana alikuwa anakama. Nikamsalimia kwa Kisukuma changu kibovu, "Mwadila mayu," akaitika bila kuinua kichwa. Nilisimama na kibuyu mkononi hadi alipomaliza ng'ombe yule, akamfungua miguu, akampiga kofi la mgongo aondoke.

Ndipo akanitazama.

"Bado umeshiba, mwalimu?"

"Nina njaa, Suzana. Tangu Novemba."

Alikichukua kibuyu, akakinusa ndani kuona kama ni kisafi, na akaingia nacho nyumbani.